Kitanda Kilichonadiwa kwa Vidole

Nimekabidhi kengele. Kijana aliyepokea ameitikisa mara moja, akaniuliza kama hakuna nyingine yenye sauti nzuri zaidi. Hakuna. Kengele hiyo ilikuwa ya shule kabla haijawa ya mnada, na ule ufa wake ulitiwa na fahali wa Birongo ambaye hakupendezwa na bei. Karani wa soko ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kunadi ng'ombe na vitu vingine hapa Kisii. Nadhani alitarajia kurasa mbili za mawaidha. Mawaidha sina. Nina habari ya kitanda kimoja, lakini hamtaielewa msipojua kwanza jinsi nilivyofundishwa kazi, kwa hiyo mnivumilie.

Niliingia kazini miaka ya thelathini, nikiwa na suruali moja fupi na sauti kubwa. Sauti ndiyo iliyonipa kazi. Siku hiyo nilikuwa nimesimama upande mmoja wa bonde nikimwita kaka yangu aliyekuwa upande wa pili, kwa ajili ya mbuzi aliyepotea. Mzee Marjani, dalali wa mjini, alikuwa akipita na punda wake. Alisimama akangoja nimalize. Kisha akaniuliza kama ninaweza kupiga kelele namna ile kutwa nzima. Nikamwambia naweza. Akaniuliza tena kama ninaweza kunyamaza. Nikamwambia naweza pia, ingawa hilo hakuna aliyewahi kunijaribu.

Mzee Marjani alikuwa mtu wa zile familia za Kiislamu za mjini, ambazo babu zao walikuja na jeshi kutoka mbali wakaoa hapa hapa wakasahau kurudi. Alisema Kiswahili, Ekegusii na Kijaluo, na katika lugha zote tatu hakuna aliyemsikia akitukana, hata punda. Alinadi kila kitu: ng'ombe, baiskeli, makabati ya Wazungu waliohamishwa, mashine ya kushonea isiyo na sindano. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika kamba ya ng'ombe wakati yeye akitaja bei. Ng'ombe wa kwanza alinikanyaga mguu wa kushoto, wa pili akanikanyaga wa kulia. Mzee aliniambia nimeanza vizuri, kwa kuwa sasa sitakuwa na sababu ya kutazama miguu yangu, nitatazama ya wanunuzi.

Hilo lilikuwa somo lenyewe. Mnunuzi wa kweli hamtazami ng'ombe. Anatazama mlima, anauliza habari za mvua, anasalimia watu asiowapenda. Lakini miguu yake imeelekea pale ng'ombe alipo na haigeuki. Yule anayemshika ng'ombe pembe, akamfungua mdomo na kuhesabu meno kwa sauti, huyo hana kitu mfukoni, amekuja kupitisha siku. Mwaka mzima nilisoma miguu. Nilijifunza pia kutafuna tangawizi asubuhi, kunywa maji ya vuguvugu, na kutogusa maziwa siku ya mnada, maana maziwa huilaza sauti.

Somo jingine sikulipenda. Siku zile walikuja wafanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, watu warefu wenye mashali begani, na hao hawakutaja bei kwa mdomo. Mnunuzi na dalali walipeana mikono, wakaifunika kwa shali, na bei ikasemwa kwa vidole huko chini. Kidole kimoja ni moja. Ngumi nzima ikibanwa ni tano. Ukishikwa kifundo cha mkono ni kumi. Waliosimama karibu waliona watu wawili wameshikana mikono wakiangalia mawingu. Nilimwuliza Mzee Marjani kwa nini watu wazima wafanye hivyo na midomo wanayo. Akasema si kila mtu anapenda jirani yake ajue alicho nacho au anachokitaka. Akaniambia pia kwamba ninachokishika chini ya shali nikiache huko huko. Nilijifunza kwa sababu nililazimishwa. Watu wa hapa kwetu walipenda mnada wa makelele, mimi nilikuwa na makelele, na kwa miaka mingi vidole vyangu havikuwa na kazi ila kushika kengele.

Baada ya vita Mzee Marjani aliniachia kengele, akabaki kuja mnadani kama wengine wanavyokwenda msikitini au kanisani, kukaa mahali pale pale na kutikisa kichwa nikikosea. Nilinadi mengi. Nilinadi gunia la viatu vya jeshi ambavyo vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto, na vikanunuliwa. Mnunuzi alikuwa mtu mwenye akili timamu, sikumwuliza kitu. Niliwahi kumwuzia mtu ng'ombe wake mwenyewe, aliyekuwa amepotea mwezi mzima, na yeye akasema afadhali, maana sasa ana ushahidi kuwa ni wake.

Katika miaka hiyo nilioa. Mke wangu Kemunto ni binti wa Mzee Makori wa kule juu Manga, mzee wa kanisa la Sabato, mkulima wa kahawa ambayo hakuwahi kuionja, kwa sababu kanisa lake haliruhusu. Nyinyi wa kwetu mnajua maana ya kuwa na mkwe. Kwa wale mliotoka mbali niseme kwamba sisi tuna kitu tunachokiita ensoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya, na hiyo hukaa kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mtu na wakwe zake. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Baba haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Na kuhusu mahali pa kulala, mtu na mkwe wake hawapataji, hawapatazami, hata mkeka ukianikwa uani mmoja wao atapita njia nyingine. Mimi na Mzee Makori tulizungumza miaka mingi habari za mvua, kahawa na magonjwa ya ng'ombe, na tulielewana sana.

Mtoto wetu wa kwanza hakuishi. Kemunto alishikwa na uchungu wakati wa masika, tukambeba kwa machela kuteremka Manga kuelekea hospitali ya mjini. Njia ilikuwa tope tupu na wabebaji walianguka. Mtoto alizaliwa njiani akafa njiani, tukageuka tukarudi. Sijui namna ya kuandika jambo hili kwa mzaha, kwa hiyo nimeliandika hivyo lilivyokuwa, na sasa ninaendelea.

Hatukuwa peke yetu, kila kijiji cha Manga kilikuwa na habari kama hiyo. Ndiyo maana watu walichangia mawe na kujenga huko juu wodi ndogo ya kina mama. Kuta zilisimama upesi. Paa ndilo lililokwama. Daktari wa mjini alituahidi mkunga, lakini akasema wazi kwamba kama paa halitakuwa tayari kabla ya masika, mkunga atapelekwa kwingine, maana haiwezekani kumweka mtu chini ya mwavuli. Wakati huo Kemunto alikuwa mjamzito tena, na mtoto alitarajiwa katikati ya masika hayo hayo. Kila jioni nikitoka sokoni nilipita kutazama zile kuta zisizo na kitu juu. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu.

Aliyekuja na wazo la karamu ni mke wa daktari, ambaye sote tulimwita Memsabu. Alisema kwao, watu wakitaka kujenga kitu, hualikana chakula cha jioni, muziki hupigwa, vitu vya kutolewa bure hunadiwa kwa bei isiyo ya haki, na kila mtu hurudi nyumbani akijiona mwema. Tulikubali. Siku ilichaguliwa kwa taabu. Ijumaa Wakatoliki hawali nyama, Jumamosi Wasabato hawafanyi biashara. Ikabaki Jumapili alasiri, na kwa kuwa mchinjaji alikuwa Mwislamu, ng'ombe alichinjwa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuilalamikia isipokuwa ng'ombe mwenyewe. Chai iliwekwa kwa Wakatoliki na Waislamu, maziwa na uji wa wimbi kwa Wasabato. Tajiri mmoja wa mjini alitoa ghala lake la kahawa. Na kwa kuwa palikuwa na mchango wa zamani wa shule ambao hakuna aliyeweza kueleza ulikokwenda, kamati iliamua kwamba safari hii fedha isionekane kabisa. Dau litatajwa kwa mabati. Anayeshinda ataleta mabati yake Manga, yapigiliwe misumari mbele ya macho ya watu.

Paa lilihitaji mabati sitini. Mimi ndiye niliyepewa kunadi. Kamati walisema ni kwa sababu ya sauti yangu.

Siku ilipofika ghala lilipendeza. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani hadi juu, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe, na kwenye kila sahani pana kadi yenye jina. Muziki ulikuwa wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma chini kabisa, na mpigaji alikuwa mzee mmoja kipofu kutoka upande wa Tabaka. Wasabato walikuwa na wasiwasi naye, kwa sababu obokano waliijua kutoka kwenye sherehe za pombe. Wengine walikuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu mzee huyo alikuwa na tabia ya kuwaimba watu waliopo kwa majina, na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri mno. Wakakubaliana apige asiimbe. Alikubali kwa sahani mbili za nyama.

Chakula kilipakuliwa, na hakuna aliyekula. Memsabu alikuwa amepanga zile kadi kwa desturi ya kwao, ambapo mtu hukaa na asiyemjua ili wazungumze. Alikuwa amewatenga waume na wake, akawachanganya vijana na wazee. Sasa kwenye meza ya kwanza kijana mmoja mwalimu alikuwa amekaa uso kwa uso na mama mkwe wake, ametazama dari, na mama amejifunika kitambaa cha meza hadi puani. Meza ya pili baba na mwanawe walikuwa wakisukumiana bakuli moja bila kuligusa. Mchuzi ulipoa. Memsabu alikuja kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyama imeharibika. Nikamweleza kwa kifupi. Alisikiliza, akafikiri kidogo, akakusanya kadi zote akazitia mfukoni mwa gauni lake. Baada ya hapo watu walijipanga wenyewe: wazee kushoto, vijana kulia, na kina mama wakahamia nyuma ya magunia, ambako baada ya muda mfupi kulisikika vicheko na vijiko.

Mnada ulianza watu wakiwa wameshiba, na huo ni wakati mzuri, mkumbuke. Jogoo alikwenda kwa mabati matatu. Debe la asali likapata manne. Kulikuwa na mnyama aliyechongwa kwa jiwe la Tabaka, ambaye wengine walisema ni kiboko na wengine kwamba ni chifu wa zamani, naye akapata matano kutoka kwa mmoja wa hao waliosema ni chifu. Mkungu wa ndizi, mwavuli, ndama. Sauti yangu ilikuwa nzuri siku hiyo, ilifika hadi barabarani. Ndama alipotoka nje nilihesabu: tulikuwa na mabati thelathini. Nikawatangazia wote kwamba imebaki nusu ya paa, na kwamba nusu ya paa haitufai, labda mvua ya Manga ikubali kunyesha upande mmoja.

Nilikuwa na matumaini, kwa sababu kilibaki kitu kimoja tu ambacho Memsabu alikificha nyuma ya turubai, na alikuwa ameniahidi kuwa ni kikubwa na kizuri, kitu ambacho kila mtu atakitaka. Akavuta turubai mwenyewe.

Kilikuwa kitanda. Kitanda cha chuma cha watu wawili, chenye springi, na vifundo vya shaba kwenye pembe zake nne. Godoro lilikuwa juu yake, limetandikwa, na mito miwili.

Sijawahi kusikia kimya kama kile katika mnada wowote, hata wa mali za marehemu. Wazee wote waligeuka wakatazama ukuta wa kushoto. Vijana wote wakatazama ukuta wa kulia. Nyuma ya magunia vijiko viliacha kulia. Mwalimu yule aliinuka akatoka nje kwenda kuangalia baiskeli yake, ambayo hakuja nayo. Hata mpigaji obokano, ambaye hakuona kitu, aliukatiza wimbo wake katikati akauliza kuna nini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nilijaribu. Nilipiga kengele, nikasema hapa kuna chuma safi. Nikasema shaba. Neno lenyewe sikulitaja, maana Mzee Makori alikuwa amekaa mstari wa mbele upande wa wazee. Nikauliza nani ataanza na bati moja. Nilitazama miguu kama nilivyofundishwa, na nawaambieni kweli, miguu ya nusu ya watu waliokuwa mle ndani ilikuwa imeelekea kitandani. Walikitaka. Lakini ni nani angeinua mkono mbele ya baba yake, mbele ya mkwe wake, aseme mimi nakitaka kile, na kila mtu ajue usiku atakuwa wapi?

Memsabu alinisogelea. "Hii kitanda iko na ubaya gani?" akauliza.

"Haina ubaya, Memsabu. Ni nzuri kupita kiasi, na baba zetu wako hapa."

Akawatazama wale wazee waliokipa kitanda mgongo. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa. Alisema nyanya yake kule kwao alikuwa akizifunika hata stuli miguu, kisha akairudisha turubai juu ya kitanda kwa mikono yake. Shingo za watu zililegea. Lakini kitanda kilichofunikwa kilikuwa bado kitanda, na mikono haikuinuka. Nikapiga kengele tena bila sababu. Niliwaza zile kuta za Manga, niliwaza machela na tope, na sauti yangu, ile iliyonipa kazi na mke na jina, sikuwa na mahali pa kuipeleka. Nikaona uchungu mkubwa.

Hapo Mzee Marjani aliinuka kutoka pembeni alikokuwa amekaa na kikombe chake. Alikuwa amezeeka sana, akaja polepole. Alilivua shali lake begani, akanitundikia mkononi, akalilaza vizuri lining'inie kama mtu anayetandika meza. Kisha akaenda kwa yule mzee wa obokano akamwomba apige kitu kirefu.

Nikaelewa. Niliweka kengele chini, nikatangaza kwamba sasa nitapita kusalimia wageni mmoja mmoja, na anayependa kunisalimia kwa mkono anisalimie. Nikaeleza salamu yenyewe: kidole, ngumi, kifundo. Nikasema nitazunguka mara moja tu, na kwamba mimi mwenyewe nina kumbukumbu mbaya sana. Obokano ikaanza kunguruma. Nikashuka kati ya meza.

Kila mmoja alinipa mkono chini ya shali huku akitazama mahali pengine. Watu waliokuwa wamekaa kama magogo walianza kuongea habari za wadudu wa kahawa, na wakati huo huo huko chini vidole vyao vikafanya kazi. Kijana mmoja alinibana vidole vitatu. Baba yake, upande wa pili wa ghala, akanibana ngumi na vidole viwili. Katekista mmoja, mtu mpole, alinishika kifundo, akafikiri, akaongeza ngumi. Nyuma ya magunia mkono wa mama mmoja ulitoka kwenye pengo kati ya gunia na gunia, sikumwona mwenyewe, nao ulinibana kifundo na vidole vinne bila kusita. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka kwenye baiskeli. Alinipa kumi na nane, na jasho.

Nilifika mstari wa mbele. Nilikusudia kumpita Mzee Makori. Ingekuwa ukosefu wa adabu wa ajabu, mkwe kumshika mkono mkwewe kwa ajili ya kitu kile. Nilikuwa nimekwisha geuza bega. Lakini alikuwa ameunyosha mkono wake, na macho yake yalikuwa kwenye mlango wa ghala, ambako palionekana kipande cha mlima.

"Mvua iko karibu," alisema.

"Iko karibu, tata," nikajibu, nikimwita baba kwa Ekegusii.

Mkono wake ukaingia chini ya shali. Ulikuwa mkono mgumu, wa jembe. Alinishika kifundo. Akaachia. Akanishika tena. Nilifikiri amemaliza, nikaanza kuondoa mkono, lakini akanishika mara ya tatu, na safari hii hakuachia upesi.

Kemunto ameniruhusu niandike hili, kwa kuwa baba yake ametangulia na hawezi tena kuaibika. Thelathini ndiyo hesabu iliyobaki. Nami niliyajua mabati hayo thelathini, kwa sababu nilisaidia kuyapakua. Yalikuwa yamepangwa uani kwake tangu msimu uliopita wa kahawa, yakimngoja fundi. Nyumba yake ingekuwa ya kwanza ya bati katika kijiji chote. Wageni walikuwa wakipelekwa kuyaona kabla ya kupewa kiti, na jioni mzee aliyafuta vumbi kwa kitambaa. Nilisimama pale nimeshikwa mkono, nikatamani kumwambia neno, na hakukuwa na neno ambalo mtu kama mimi angeweza kumwambia mtu kama yeye juu ya kitu kile. Nikambana kidogo tu kifundo chake. Hiyo haimo katika hesabu ya Mzee Marjani.

Nilirudi mbele. Nilisema mara moja, mara mbili, mara tatu, kimeuzwa kwa mabati thelathini, paa limekamilika. Watu walipiga makofi wakitazama dari. Memsabu alikuwa na kalamu tayari, akataka jina. Nikamwambia aandike kimeuzwa. Akaandika hivyo, na hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye, na kwa hilo nilimheshimu. Sahani za nyama zilikuwa zimeisha, kwa hiyo mzee wa obokano akapewa kuimba. Aliimba habari za mbuzi.

Watu walipokuwa wakitawanyika nilisimama karibu na mlango nikijiuliza kitanda kitakwenda wapi, maana mnunuzi hawezi kukipitisha kijijini kwake kichwani mwa vijana. Mzee Makori alitoka na fimbo yake. Hakunitazama. Aliuambia mlima kwamba ile kitu ya turubai si vizuri inyeshewe, ingekuwa heri ipelekwe kule bati inakokwenda. Kisha akaondoka na wazee wenzake.

Mabati yalifika Manga kutoka sehemu nyingi, na ya Mzee Makori yalifika alfajiri, kabla watu hawajatoka. Kijijini waliona uani pamebaki patupu. Akawaambia ameyauza, kwa kuwa amesikia bati hupiga kelele wakati wa mvua na mtu wa umri wake hawezi tena kuwasikia ng'ombe wake. Walimcheka kwa miaka. Walisema amekuwa bahili, wengine wakasema kahawa imemshinda. Jirani yake akaezeka bati la kwanza la kijiji akafanya sherehe, na Mzee Makori alikwenda, akala, akalisifu paa.

Paa la wodi lilikamilika kabla ya masika na mkunga akaja. Katikati ya mvua hizo Kemunto alishikwa na uchungu. Tulitembea naye kwa miguu mpaka wodini, polepole, bila machela. Msichana wetu alizaliwa juu ya kitanda cha chuma chenye vifundo vya shaba, akilia kwa sauti ambayo mkunga alisema si ngeni kwake, aliwahi kuisikia sokoni. Nililia pia, na sioni haya kuandika hivyo.

Kesho yake alasiri Mzee Makori alikuja. Hakuingia. Mahali binti yake alipolala hapakuwa pake kuingia. Alisimama nje chini ya ukingo wa paa, koti limelowa, nami nikatoka nikasimama kando yake. Mvua ilikuwa kubwa. Alisikiliza kwa muda mrefu huku akitazama juu.

"Hii bati inavuja?" akauliza.

"Haivuji, tata."

"Na chini?"

"Chini ni pakavu. Wamelala vizuri, wote wawili."

Akaitika kwa kichwa. Aliugusa ukingo wa bati kwa fimbo yake, mara moja, kisha akavuta kola ya koti akashuka kwenda kwake, kwenye nyumba yake ya nyasi, iliyokuwa ikivuja upande wa jikoni. Kila mwaka baada ya hapo, kabla ya masika, nilimpelekea mzigo wa nyasi za kuezekea nikauweka uani, pale mabati yalipokuwa.